Sauti ya Miguu

Mtu aliyenifundisha kinanda hakuwa mwalimu wa muziki. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya Songwa, sote tukimwita Mama, na Jumapili ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa shule ya msingi ya hapo, sina mke wala jiko la maana. Siku moja baada ya misa nilimwomba anifundishe. Alinitazama mikono, akasema, "Kucha ndefu hizo. Kakate, uje kesho."

Kinanda chetu kilikuwa cha kukanyaga. Ukiacha kusukuma pedali mbili za chini, upepo unaisha na sauti inakufa. Padri mmoja wa zamani alikuwa ameacha kitabu cha nota, na ndani yake mlikuwa na kipande cha Mjerumani fulani aliyeishi karibu miaka mia tatu iliyopita. Kilitungwa kwa ajili ya vinanda vikubwa vya Ulaya, ambavyo vina funguo hata chini, mtu anazipiga kwa miguu. Sisi hatukuwa na funguo hizo, na miguu ya Mama ilikuwa na kazi yake ya kusukuma upepo. Kwa hiyo ile sauti ya miguu aliiimba. Mikono ikipiga sauti tatu za juu, yeye anaimba ya nne kwa kinywa, nzito, bila maneno, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Nilikijua kipande kile hivyo kwa miaka sita, mpaka nilipohamishiwa Kahama.

Kahama nilioa, nikafundisha hisabati sekondari, nikashika kwaya. Nilianza kuwapangia nyimbo wapiga tarumbeta wa parokia, na baadhi ya nyimbo hizo zikafika Dar es Salaam kwa simu, kwa dada mmoja anayeongoza okestra ya watu wa kujitolea: madaktari, wanafunzi, askari wastaafu wa bendi. Akanipigia. "Kaka, tupangie kitu cha okestra nzima. Chagua unachokipenda mwenyewe."

Sikuhitaji kufikiri. Nilichukua kipande cha Songwa.

Nilikaa nacho miezi minne. Kila siku baada ya vipindi nilifungua kompyuta na kugawa zile sauti nne kwa watu hamsini na wawili. Violini nikazipa sauti ya juu kabisa, klarineti ya pili, pembe ya tatu. Sauti ya miguu niliipa besi kubwa, tromboni na lile tarumbeta nene la tuba kwa pamoja, maana nilitaka itikise ukuta. Kompyuta ilikipiga kipande chote mwanzo hadi mwisho bila kuchoka. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo anasema, "Leo wamekuja wengi." Nikawa najisikia mtu mkubwa.

Baada ya mazoezi ya kwanza, yule dada akapiga simu.

"Kaka, kazi ni nzuri. Lakini mtu wangu wa tuba ameniomba kitanda."

"Kitanda cha nini?"

"Cha kufia. Umemwandikia kurasa tatu bila mahali pa kuvuta pumzi. Na yule wa filimbi ya obo umempa nota ambayo chombo chake hakina."

Nilicheka naye, lakini nilipokata simu nilikuwa nimeumia. Wiki nzima sikuifungua ile kazi. Nilijua kosa langu: niliwaandikia watu kana kwamba ni kinanda, na kinanda hakipumui. Ila sikujua nipunguze wapi. Kila nilipofuta nota moja, niliona nimebomoa nyumba.

Shule zilipofungwa nikaenda kumsalimia Mama, na mchele wa Kahama begani. Alikuwa amestaafu, magoti yanamsumbua, na kile kinanda kilikuwa sebuleni kwake baada ya kanisa kununua cha umeme. Panya walishatoboa mivukuto yake ya upepo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba ng'wanawane, mwanangu. Umenenepa. Nani anakupikia?"

Baada ya chakula nikamweleza shida yangu. Hakunishauri lolote. Alitaka tu kujua kama bado nakikumbuka kipande, akaanza kukiimba palepale kwenye kochi, ile sauti ya miguu, kwa koo la mwanamke wa miaka sabini na kitu. Nami nikasikia jambo ambalo kwa miaka sita sikulisikia: alikuwa anapumua. Kuna mahali alifupisha nota, akavuta pumzi, akaendelea, na muziki haukubomoka. Nikatoa penseli haraka nikaanza kuweka alama kwenye karatasi.

"Unaandika nini?"

"Pale unapopumua, Mama. Nataka tuba apumue hapohapo."

"Hebu nione." Akaweka miwani. "Hapa sikupumua. Hapa nilikohoa."

Nikamwomba aimbe tena. Alikataa kwanza, akaimba. Tuliendelea hivyo mpaka mahindi ya jioni yakaiva. Alama ya kikohozi sikuifuta. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote.

Nilisahihisha kazi nikaituma, na okestra ilipotangaza siku ya onyesho, Mama alisema anakwenda. Binti yake anaishi Tabata, hukohuko Dar es Salaam, hivyo alikuwa na sababu. Tulisafiri pamoja kwa basi, na siku ya mazoezi ya mwisho nilimketisha safu ya mbele. Besi zilipoingia, naye akaingia. Kwa sauti. Yule dada akasimamisha okestra nzima.

"Nani anaimba?"

Watu hamsini na wawili wakatugeukia. Nilitamani sakafu ipasuke. Mama hakutikisika.

"Ni mimi, mwanangu."

"Shikamoo Mama. Endelea tu, ila umemtangulia kidogo tuba."

"Marahaba. Tuba ndiye amechelewa."

Mpiga tuba, sajenti mstaafu mwenye mvi, aliinua mkono akakiri kosa. Ukumbi wote ukacheka, wakaanza upya.

Kwenye onyesho lenyewe alijiziba mdomo na kitambaa. Klarineti mmoja aliingia mapema, hakuna aliyekufa. Mwishoni watu waliposimama kupiga makofi, yeye alibaki ameketi, amenishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama muuguzi anayepima mapigo. Nilimwona anajifuta macho, nikatazama pembeni ili asinione nami.

Nilirudi Kahama kusahihisha mitihani, yeye akabaki Tabata. Siku ya tatu akapiga simu.

"Yule binti wa okestra amenitafuta. Anasema wanataka kingine."

"Amenitumia ujumbe pia, Mama."

"Basi safari hii chagua cha polepole. Na yule wa obo mpe kitu cha maana, alikaa tu muda mrefu anatazama watu."

Nilitaka cha haraka. Tulibishana mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, tukaendelea kubishana. Sasa nimefika ukurasa wa nane. Ni cha polepole.