Vocha za Kaka na Mbishi wa Nkowe

Mimi nina mdomo, sikatai. Siku tovuti yetu ilipofungwa nilimlaumu kila mtu niliyemfikiria, kumbe kosa lilikuwa langu.

Kaka yangu alikusanya vocha za simu zilizokwisha kukwanguliwa, zile za zamani zenye picha. Mimi nilizipiga picha nikaziweka mtandaoni, yeye akaandika chini ya kila moja ilitoka lini, ilipatikana wapi, ipi ilitangulia ipi. Alisema ipo siku mwanafunzi wa chuo atazihitaji. Wasomaji nao wakawa wanachangia, hasa mkulima mmoja wa Nkowe, mzee mbishi ajabu. Kaka alipofariki, yule mzee akaendelea kumbishia marehemu. Nilikasirika, nikamfungia asiandike tena.

Basi kampuni iliyokuwa inatuhifadhia tovuti ilipotangaza kwamba itaifunga, nilihamishia picha zote kwenye kompyuta yangu hapa Nachingwea, nikatulia. Nilidhani maelezo yanakuja na picha. Hayakuja. Maneno ya kaka yangu, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki ya kwake, yakapotea hivi hivi. Nililia kama siku ya msiba. Nikaandika kwenye kundi la wakusanyaji kuuliza kama kuna mwenye nakala, nikaeleza na ninapopatikana.

Wiki haikuisha, yule mzee wa Nkowe, kumbe naye yumo kundini, akaja shuleni ninakofundisha. Alikuwa ametoka Nkowe kwa bodaboda mpaka Ruangwa mjini, kisha akapanda basi. Akanipa simu yake, kioo kimepasuka.

"Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, mwalimu. Nilikuwa nikifika mjini nahifadhi ukurasa mzima, nikausome shambani."

Kurasa zote zilikuwemo, na maneno yote. Hata baada ya kumfungia alikuwa akisoma na kuhifadhi. Aibu ilinishika. Nilimwomba radhi huku machozi yananitoka, naye akawa anatazama pembeni tu.

"Nikushukuruje, mzee wangu?"

"Ile vocha ya tembo," akasema. "Marehemu alikosea. Haikuitangulia ile ya twiga."

Nikacheka na machozi yangu. Nikamwambia nafuta sasa hivi, naandika anavyosema yeye. Akanizuia.

"Usifute hata neno, mwalimu. Andika langu chini ya lake. Atakayesoma kesho atukute wote wawili tunabishana."