Ruhusa ya Kuenda Louvain

Lundi, siku ya Jumatatu, nilisimama ku guichet, dirisha la ofisi ya serikali hapa Kolwezi, naomba kibali cha kutoka nchini. Rafiki yangu anasoma Louvain, kule Ubelgiji, mji ambao chuo chake ni kizee kuliko nchi yenyewe. Mama yake alinisindikiza, kifurushi cha unga wa muhogo kwapani.

Karani alinipima toka kichwa hadi viatu. "Citoyen, attestation, barua ya kazi yako, iko wapi?"

"Sina. Licence ya chuo niko nayo, tangu miaka ine. Kazi njo hamuna."

"Mutu bila kazi harudiake. Atarudia kufanya nini?" Akanisukumia barua yangu ya maombi.

Mama akairudisha mbele yake, akaikandamiza na mukono. "Tata, bale ba kazi niliomba bote. Banasema hakuna congé, likizo ya kazi. Huyu peke yake iko na nafasi ya kuenda kuniangaria mutoto. Miaka saba simuoni."

Karani akaandika ruhusa ya siku kumi na tano, akapiga cachet, muhuri wa serikali.

Wenzangu wananiuliza kama sikuona haya kusemwa vile mbele ya watu. Niliona. Lakini serikali iliyoninyima kazi imenipa congé, na ni ya kwanza maishani mwangu.