Safari ya Kulitafuta Jiwe la Minza

Nilitoka Igoma kwa wivu, nisiwadanganye. Vijana wa chuo walikuja upande wa Busisi kutafuta mawe yaliyochongwa na watu wa zamani, na aliyewapeleka penye jiwe lenyewe ni Minza, mke mwenzangu. Sasa huko kila mtu analiita jiwe la Minza. Jiwe la ukoo wa mume wetu! Mimi ndiye mke mkubwa, nimemzalia watoto saba, na marehemu hakunipeleka pale hata mara moja. Kwa ukoo ule mwanamke haendi jiweni mpaka apelekwe na mumewe, na ukiuliza sababu wananyamaza. Minza alipelekwa. Nikasema nitalitafuta mwenyewe nilione, nisije nikafa hivi hivi.

Asubuhi nilibadilisha gari Buzuruga, baadaye nikavuka ziwa darajani. Enzi za kivuko ulikaa kwenye foleni mpaka hasira ikapoa. Daraja halikupi nafasi hiyo. Nilifika ng'ambo ningali nachemka.

Saa nne nilikuwa kwa Minza, kwenye mji wa familia aliotuachia marehemu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuja kuona kaburi."

"Kaburi tu? Kula kwanza."

Alinipa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga. Mitamu, nami niliila nimenuna. Nikamwambia asinisindikize.

Nyuma ya mji ni vichaka, minyaa na mawe makubwa yaliyopandana. Nilizunguka jiwe hadi jiwe. Nikakuta mavi ya pimbi, nikakuta majina ya wachungaji wa ng'ombe yameandikwa kwa mkaa. Jua likawa kali. Mwishowe, kwenye jiwe moja la chini, nikaona mistari mirefu imeingia kweli kweli, laini ukiipitishia kidole. Nikapiga magoti, nikaipapasa yote. Nikasema, Minza, leo umekwisha.

"Unatafuta nini hapo, dada? Kaburi liko kule chini." Kumbe alikuwa nyuma yangu.

"Natembea."

"Kwa magoti?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapo tunanolea mapanga! Si ungeniuliza? Kiburi chako hicho. Haya, njoo."

Alinipandisha juu zaidi, mahali pabaya pa kutambaa. Jiwe lenyewe limekaa juu ya mengine kama chungu juu ya mafiga. Lina vishimo vya mviringo, vingi, vimechimbwa na mikono ya watu. Minza akaokota kijiwe, akagonga ndani ya kimoja. Jiwe likalia kama kengele ya kanisa.

"Wale wageni niliwaambia ni bao la wazee," akasema.

"Kwani si bao?"

"Bao gani limeinama hivi? Ni la wanawake wasioshika mimba. Mume anakuleta, unagonga, unaomba. Kishimo kinachimbika kwa kugonga. Hiki hapa changu. Mama mkwe alikuwa anataka nirudishwe kwetu, ng'ombe wake wa mahari warudi."

"Na mimi kwa nini hakunileta?"

"Wewe? Mmoja yuko mgongoni, mwingine tumboni. Ungekuja kugonga nini?"

Nilitia vidole kwenye kishimo chake. Ni kirefu. Minza hakupata mtoto, hilo nilijua siku zote, na siku zote nilidhani kupelekwa jiweni ni mapenzi.

Tukishuka, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza marehemu alimpandishaje pabaya vile.

"Alikuwa ananishika mkono," akasema. "Mpaka juu."

Jioni nikavuka tena daraja kurudi Igoma. Nililojifunza ni hili: miaka yote nimemwonea mtu wivu kwa mahali alipokuwa akienda kulia. Wanangu nimewaambia wasibishe tena, jiwe ni la Minza, amelichimba mwenyewe. Lakini ule mkono, hapana. Mimba zote zile, na milima yote tuliyopanda naye kwenda shambani, yule mzee alitangulia mbele na jembe lake, hakugeuka. Hilo bado linaniuma.