Nyanya za Mzee Zanchetta

Delmira Zanchetta alikuwa jirani yangu pale mtaani Los Hornos, ukuta kwa ukuta, miaka thelathini na minne. Mjane, mshonaji wa sare za shule, mtu asiyependa kuomba wala kuombwa. Jambo moja tu alijivunia: nyanya za marehemu baba yake. Zilikuwa kubwa, bapa, zenye mikunjo penye kikonyo kama kitambaa kilichovutwa uzi. Mzee alipokufa, Delmira aliachiwa mbegu, na mdogo wake Ovidio akaachiwa gari. Ovidio aliona amepunjwa. Akachota mbegu kiganja kimoja, akawasha gari, akaenda zake kusini kwenye visima vya mafuta. Hawakuandikiana tena.

Mwaka wa mafuriko maji yaliingia nyumba zetu hadi usawa wa meza. Mbegu zilikuwa kwenye mtungi chini ya sinki. Delmira aliukuta umejaa tope lenye grisi. Alizipanda hivyo hivyo, hazikuota. Basi mwezi wa nane akapanda basi hadi mji ambako hakuna aliyemjua, akanunua miche ya nyanya zenye mikunjo, akaipanda mahali pa zile. Januari, kiangazi kwetu, familia ikala, ikasifu, ikamtaja babu. Delmira akawaongezea sahani.

Ikapita miaka tisa. Bintiye Mirta, mwalimu, alianza kukausha mbegu za nyanya hizo, kuzitia kwenye vibahasha vyenye jina la babu na kuzigawa mtaani bure. Hata mimi nilipewa.

Ndipo Ovidio akarudi, mapafu yamekwisha, mkononi begi moja. Hakuwa na kwingine kwa kwenda. Delmira akamtandikia kitanda chumba cha cherehani bila maneno mengi. Jumapili walikula chini ya mzabibu. Mirta akakata nyanya, akatia chumvi na mafuta. Mjomba wake alikula kipande polepole, akala cha pili, akafuta sahani kwa mkate, akasema ni tamu.

Mirta alipoondoka, Ovidio alimfuata dada yake jikoni.

"Dada, hii siyo ya baba."

Delmira aliendelea kuosha vyombo. "Ile ilichukuliwa na maji."

"Na umewadanganya watu miaka yote hii?"

"Wewe ulikuwa wapi?"

Ovidio akageuka. Akaenda kwenye begi, akarudi na kikopo cha tumbaku. Ndani mlikuwa na mbegu arobaini na tatu. Kule kusini alijaribu kuzipanda mara mbili, upepo ukamshinda, akaziweka. Zilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Wakazisia kwenye vikombe vya mtindi mwezi wa pili, msimu mbaya, baridi ikikaribia, na wote wawili walijua. Ulichipua mche mmoja. Delmira aliuweka dirishani jikoni, na ndugu hao wakawa wanakaa hapo asubuhi, wanakunywa chai ya majani ya mate na kuutazama.

"Una ubishi wa baba," Ovidio alimwambia dada yake siku moja.

"Na wewe ulirithi gari. Liko wapi?"

"Lilifia njiani, Bahía Blanca."

Delmira alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mdogo wake arudi.

Mwezi wa tano mche ulitoa tunda moja, likafikia ukubwa wa yai la kuku. Kisha majani yakaingia madoa ya rangi ya shaba. Kwetu kila mwenye bustani anaujua ugonjwa huo na anajua hauna dawa. Ovidio alikuwa hainuki tena kitandani. Kila asubuhi aliuliza hali ya tunda, na kila asubuhi dada yake alimjibu kwamba linakua. Alikufa Jumanne moja mwezi wa sita, kabla ya mchana. Jioni Delmira alilikata lile tunda. Mbegu zilikuwa nyeupe, majimaji, changa. Alilionja. Lilikuwa chungu tu.

Baada ya maziko alimweleza Mirta ukweli wote.

"Usimwambie mtu, mama. Nimeshagawa nyumba mia mbili."

"Lile la kwenye bahasha ni jina la babu yako."

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

Tangu siku hiyo Mirta akapunguza kuja Jumapili, kisha akaacha.

Januari iliyofuata nilimpelekea Delmira bakuli la nyanya zangu, za mbegu za Mirta, kama majirani wengi walivyofanya. Alizipokea, akaziweka mezani, akanisimulia yote akiwa amesimama, kwa sauti ileile ya kumsomea mteja vipimo. Nikasema lakini ni tamu.

"Najua ni tamu," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilisahau ladha ya zile za baba. Ovidio alikumbuka, mimi nilisahau."

Hakupanda tena. Alimwita fundi, akang'oa vijiti vya nyanya, akamwaga zege bustani nzima hadi ukutani kwangu. Hapo Delmira akawa anaanika nguo, mpaka alipokufa.