Mvua ya Masisi Hailii

Ninaikumbuka siku moja pale kambini Kanyaruchinya, mwanangu, siku niliyotaka kuwaliza watu kwa shairi nikafaulu, na kufaulu kwenyewe kukaniachia aibu mpaka leo.

Vita vilikuwa vimetutoa kwetu Masisi, tukawa wakimbizi kambini. Nilikuwa kijana wa masomo ya jioni, na tangu nilipojua kuandika nilijiona mrefu kuliko Nyiragongo, volkano ya pale. Hata moshi wake nilidhani unanisalimia. Mwalimu akatuagiza shairi la mvua, milima au ziwa, tulisome Jumapili mbele ya wazazi na wageni wa mashirika ya misaada. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja kututazama tukiugua.

Nikaandika juu ya mvua ya kwetu, nikaenda kulijaribu kwa Mama Furaha, jirani yetu, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, na binti yake, michi miwili kinu kimoja.

*Yashuka mvua, yashuka mbali,*
*milima yalala, nyumba zalala.*

Nikazivuta sauti kama waimbaji wa matanga. Mchi wa Mama Furaha ukasimama. Akalia, binti akalia, majirani wakalia; kwa hesabu yangu Ziwa Kivu lilipanda kidole kizima. Nami natabasamu, mjinga mimi. Mama yule alikuwa ameapa siku tuliyofukuzwa kwamba hatalia hadi akanyage tena shamba lake la viazi. Nilimvunjia kiapo kwa mistari miwili.

Akajifuta kwa kitenge. "Weye mutoto, nani amekufa hapa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi matanga ya nini? Jumapili wageni watuone tunalia, waseme hawa wamekwisha? Mvua ya Masisi hailie. Inapiga. Sikiliza."

Akaurudisha mchi. Wake ukishuka, wa binti unapanda. Unajua kinu cha watu wawili: ukivuta kidogo tu, michi inagongana.

"Sema maneno yako humu ndani," akaniamuru. "Lenye kuchelewa, tupa."

Nilitupa karibu yote. Mvua ikabaki ileile, milima ileile, ila sasa ilisimama:

*Yapiga bati, yapiga mti, yapiga mwamba;*
*kiazi kiote, kunde ziote, kwetu tupande.*

Jumapili nikasoma. Mama Furaha akapiga mguu chini, kisha akina mama wote, juu ya mawe yale meusi, hata nikahofu volkano itaamka iulize nani anaisumbua. Wageni walioshika vitambaa vya machozi wakavirudisha mfukoni.

Miaka mingi baadaye Mama Furaha alirudi shambani kwake Masisi, akapanda viazi. Siku hiyo alilia mpaka akachoka, na hakuna aliyemwimbia.

Wimbo mbaya hauimbiwi mwana, mwanangu. Unapoandika juu ya mvua au ziwa, usitegemee maana peke yake. Sauti ndefu hulegeza mabega. Neno fupi linalogonga hunyoosha mgongo. Jiulize kwanza unataka watu wafanye nini ukishanyamaza. Kilio kina siku yake, ila usiwalize watu ili wakusifu, na usimpe aliyekufukuza hata tone la chozi.

Mungu wa milima yetu akupe mvua yenye kishindo, mgongo usioinama, na viazi vilivyoota mlangoni pako mwenyewe.