Nondo wa Yuka Katika Kijaluba cha Posa

Kabla sijafika penye aibu (na aibu yenyewe ni yangu peke yangu), niieleze hali ilivyokuwa: jua lilikuwa likizama, tumeshuka garini mtaa wa Oud Metha, Dubai, mimi nikiwa mshenga wa mpwa wangu Salim, pete ya uchumba imo ndani ya kijaluba cha fedha mkononi mwangu, na bustanini kwa kina binti tuliyekwenda kumposa mmea wa yuka umechanua.

Sasa, mtu aliyetumia umri wake kusomesha habari za wadudu hapiti yuka iliyochanua bila kuinama, nami nikaona ndani ya ua nondo mdogo mweupe, nikaduwaa, kwa sababu nondo wa yuka makazi yake ni Amerika Kaskazini, katika nyika kavu mmea huo unakoota wenyewe. Huko jike huikusanya chavua, huifinyanga donge, hulibeba chini ya kichwa hadi ua jingine, ambako hutaga mayai na kulichavusha, na viwavi wake hula sehemu ya mbegu kisha hujizika ardhini wakingoja msimu mwingine wa maua. Hapa Dubai amefikaje? Ndani ya udongo wa mche? Sikuelewa, nikaitia pete mfukoni na nondo nikamfungia katika kijaluba, kwa muda mfupi tu, nilijiambia.

"Yalla, twende, Mjomba, wanatungoja!" Salim akaniita.

Ndani nikayatamka maneno ya posa kwa ufasaha ulionifurahisha hata mimi mwenyewe, kisha nikamkabidhi bibi yake binti kijaluba. Akakifungua. Nondo akaruka, akatua kwenye ushungi wake.

"Hii ndiyo pete?"

Palikuwa pahala pa kuomba radhi, badala yake (sijui mpaka leo kwa nini) nikasema, "Bibi, tafadhali usimguse, huyu kwao Marekani."

"Nani kwao Marekani? Huyu kijana ana mke huko?"

"La, Bibi, nasema nondo. Ni jike, na pengine ana mayai."

"Na watoto juu!"

"Mjomba, khalas, basi!" Salim akanong'ona, uso kaufunika kwa kofia yake, na wanawake chumba cha pili wakaangua kicheko, nami nikapapasa mfuko huu na ule, nikatoa tasbihi, miwani, funguo, kila kitu isipokuwa pete, na nondo akaruka nje mlangoni kabla sijajua kama ndiye nondo wa yuka au siye.

Tangu siku ile sitii mdudu katika chombo cha watu. Pete tuliikuta ndani ya bitana ya koti langu, na posa ikakubaliwa juma lililofuata, kwa mshenga mwingine.