Baba Mkwe, Msumeno na Kadi Isiyoingia

Nimewahi kumshikia tochi baba wa mchumba wangu huku akiikata kompyuta kwa msumeno.

Na aliyemwambia akate ni mimi.

Msinihukumu kwanza. Kaeni niwasimulie, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka najishika kichwa.

Mimi ni fundi simu. Nina kibanda, meza, taa ya kubana na kioo cha kukuzia. Simu ikifa mikononi mwangu, ujue siku zake zilifika. Kompyuta, kusema ule ukweli, najua kuwasha, kuzima na kulaumu umeme.

Nilikuwa na mchumba anayeuza kwenye duka la dawa. Mtaa mzima unamwita Dokta, na yeye hajawahi kukataa. Mambo yetu yalikuwa yameiva. Kilichobaki ni baba yake.

Baba yake ni seremala, na si seremala wa kubabaisha. Mzee wa maneno machache, penseli sikioni, jicho moja likiwa limefumbwa muda wote kama anapima kitu. Nilishakwenda kusalimia mara kadhaa. Naitikiwa, napewa soda, nakaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote vya kwetu, naondoka. Hata siku moja hakuuliza nafanya kazi gani.

Bila yeye hakuna posa. Dokta alishaniambia wazi.

"Mimi sitoroki na mtu. Baba akisema hapana, ni hapana."

Basi Jumamosi moja akanipigia.

"Baba anakuita karakanani. Njoo na bisibisi zako."

"Kuna nini?"

"Njoo tu. Na usivae lile shati lako jeupe."

Nikafika mbio. Mzee akaniitikia salamu, akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara. Kule kuna karakana mpya ya kijana mmoja mwenye maneno matamu.

"Unamwona yule? Mteja akija, hachongi kitu. Anamkalisha mbele ya kompyuta, anamwonyesha kabati linazunguka. Mbele, nyuma, mpaka ndani ya droo. Kabati halijachongwa, lakini limeshanunuliwa. Wateja wangu wananiaga kwa mkono tu wakipita kwenda kule."

Mzee naye akatafuta programu kama ile. Ikakataa kufunguka. Ikaandika kwamba mashine haina nguvu za picha. Wajuaji wa mtaani wakamwambia dawa yake ni kadi ya picha, na binti yake akaenda kumnunulia.

Akanipa boksi. "Kadi hii hapa. Itie."

"Mzee, mimi ni fundi simu."

"Simu si kompyuta ndogo?"

"Ni kompyuta ndogo, lakini..."

"Anayechonga kigoda anashindwa meza?"

Ndipo akatoa neno lililonifunga mikono na miguu.

"Ikiwaka, lete wazee wako. Isipowaka, soda zangu umekunywa za kutosha."

Jamani, mtu anapewa mtihani wa somo ambalo hakulisoma!

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, nene, na mzee alikuwa ameijengea kabati la mbao ngumu lenye mlango na kufuli. Ilikuwa imekaa humo sawasawa, hata hewa haina pa kupita. Kuitoa ilibidi tung'oe ubavu mmoja wa kabati. Kila msumari ukitoka, mzee ananitazama kana kwamba nang'oa jino lake.

Nikafungua kifuniko. Lahaula!

Mle ndani kulikuwa na maranda ya kutosha kufugia vifaranga. Feni ilikuwa imezama, inaonekana utosi tu.

"Mzee, hii ilikuwa inapumuaje?"

"Haijawahi kulalamika."

Nikasafisha kwa brashi ya rangi mpaka chini kukaonekana. Nilipoona, nikaweka bisibisi chini.

Nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kesi. Ndani ya kompyuta kuna ubao mkubwa unaobeba vitu vyote, wenyewe wanauita ubao mama. Juu yake kuna mifereji ya kuchomekea kadi. Kadi yetu ilikuwa na meno marefu kama kidole changu cha kati. Mfereji wa aina yake uliokuwapo ulikuwa mmoja tu, mfupi, hauzidi dole gumba kutoka kwenye kiungo, na nyuma umezibwa kwa ukuta wa plastiki. Kulikuwa na mingine miwili mirefu, ila hiyo ni ya zama zile, hata mkato wake uko mahali pengine.

Nikajaribu hivyo hivyo. Mtu mwenye shida hujaribu hata asichokiamini. Nikaigeuza kadi huku, nikaigeuza kule. Nikabana pumzi, eti labda nikinyamaza itaingia.

Wapi!

"Haiingii, mzee."

"Hakuna kisichoingia. Kuna kisichopigwa randa."

Akaichukua kadi mkononi mwangu, akafumba lile jicho moja, akaibana kwenye jiliwa, akanyoosha mkono kuchukua tupa.

Niliruka juu ya meza.

"Mzee, usiyakate! Hayo meno ya dhahabu ndiyo kadi yenyewe!"

"Basi tukate ubao."

"Ubao ndio kompyuta!"

Akaniangalia kwa huruma. "Sasa wewe kama fundi, unataka tukate nini?"

Swali la haki kabisa. Nikaomba muda.

Tangu siku hiyo nikawa nikifunga kibanda jioni, mguu wangu moja kwa moja karakanani. Nikatafuta ubao mama mwingine wa umri ule, nikaambiwa hautengenezwi tena. Nikauliza wa kisasa, nikaambiwa huo utadai kila kitu cha kisasa, yaani kompyuta nzima. Nikafuta meno ya kadi kwa kifutio cha shule. Yakang'aa sana, lakini urefu ukabaki ule ule.

Na pale karakanani hukai bure. Mzee hawezi kumwona mtu mwenye mikono mitupu. Leo nashika ncha ya ubao, kesho napiga msasa, keshokutwa nimepewa gundi na mlango mzima. Nikakosea, nikafokewa. Nikapatia, nikapewa mlango mwingine.

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa akituletea chai na kutuchungulia.

"Mnaitibu hiyo kompyuta au mnaiandalia mazishi?"

"Tunaitibu, mama," najibu mimi.

"Haya jamani, mkihitaji sanda semeni."

Nilianza kukata tamaa. Nitamwambiaje mzee kwamba imeshindikana? Nikimwambia, nimempoteza Dokta. Nisipomwambia, nitazeeka nikipiga msasa. Nilikuwa nampenda yule binti kweli kweli, si mchezo, na kila siku niliyoshindwa niliona kama anasogea mbali hatua moja.

Nikiwa kibandani nasubiri mteja, nikazama kwenye intaneti kwa simu yangu. Nikaangukia mazungumzo ya mafundi wanaofufua kompyuta kuukuu. Mmoja akaandika kwamba kadi ndefu inaweza kukaa kwenye mfereji mfupi wa aina yake, mradi mfereji uwe wazi kwa nyuma. Meno ya mbele ndiyo yanayofanya kazi, yanayobaki yananing'inia tu. Mwendo wake utapungua, ila itafanya kazi. Kama nyuma umezibwa, kata ule ukuta wa plastiki.

Chini yake mwingine akaongeza kwamba ukizidisha ukakata na ubao, kazi imeisha, usilete lawama.

Nikasoma tena. Yaani kumbe kukata kupo! Mimi na ujuaji wangu nilimzuia mzee tupa, na kilichotakiwa ni kumwelekeza pa kukata.

Iliniuma kidogo, lakini nikajikaza kisabuni. Mikono yangu ni ya bisibisi. Mikono ya kukata plastiki nyembamba bila kugusa kilicho chini yake, namjua mwenyewe mmoja tu.

"Mzee," nikamwambia jioni ile, "lete msumeno."

Nadhani hilo ndilo neno la kwanza kutoka kinywani mwangu lililowahi kumfurahisha. Akaleta msumeno mdogo wa kukatia nakshi, wembe wake mwembamba kama uzi. Akavaa miwani. Akaupuliza ubao.

"Wapi?"

"Huu ukuta wa nyuma tu. Chini yake usiguse. Hivi vikopo vya pembeni usiviguse. Yaani mzee, usiguse kitu."

"Nikate bila kugusa?"

"Ndiyo."

"Sawa. Na wewe acha kuitikisa hiyo tochi."

Nikaishika tochi kwa mikono miwili.

"Mzee, tuombe kwanza."

"Omba wewe. Mimi nakata."

Msumeno ukaanza, taratibu, sauti yake kama panya anayeogopa paka. Kipande kidogo cha plastiki kikaruka, mzee akakidaka hewani, akakitazama, akakitia mfukoni. Hata leo sijui alikuwa anakipeleka wapi.

Nikaishika kadi, nikaisukuma. Ikaingia. Meno ya mbele yamekaa, ya nyuma yanachungulia nje kama mwenye nyumba dirishani.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Feni ya kompyuta ikazunguka. Feni ya kadi nayo ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Tukangoja. Bado nyeusi.

"Umeiua," mzee akasema.

"Mimi? Msumeno alikuwa nao nani?"

Neno likitoka halirudi. Mama alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Akageuka polepole, akarudi ndani na chai yake.

Nikajua posa imeota mbawa. Nikainama nyuma ya kompyuta, si kutafuta kitu, ni kuuficha uso tu.

Na pale nyuma ndipo nikauona waya wa skrini. Ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lake la siku zote, la ubao mama. Tumeweka kadi mpya ya kutoa picha, halafu skrini tumeiacha inaomba picha kwa mtu aliyeshaacha kazi!

Nikauchomoa, nikauchomeka kwenye kadi.

Mwanga huo! Tukafungua programu, ikafunguka bila kunung'unika. Kabati likatokea katikati ya skrini, likaanza kuzunguka, taratibu lakini linazunguka. Nikataka kulia. Nilimwangalia mzee nikidhani na yeye analia.

Alikuwa amefumba jicho moja.

"Irudishe nyuma kidogo. Hapo. Aliyechora hili kabati hajui bawaba. Mlango huu utalegea kabla mwaka haujaisha."

"Ni mfano tu, mzee."

"Mfano mbaya." Akavua miwani. "Na wewe umenijibu vibaya."

"Nisamehe, mzee."

"Lakini ni kweli. Msumeno nilikuwa nao mimi." Akaipangusa meza kwa kiganja, kisha akasema, "Wazee wako wanapatikana lini, fundi?"

Fundi! Niliondoka pale siigusi ardhi.

Wazee wakaenda, maneno yakaenda vizuri, posa ikapokelewa. Baba mkwe aliwaonyesha kabati linalozunguka mpaka mjomba wangu akapata kizunguzungu.

Mngedhani imeisha hapo. Na mimi nilidhani hivyo.

Siku chache baadaye nikaenda duka la vipuri kutafuta chujio la feni, maana maranda hayana adabu. Nikamsimulia muuzaji ushujaa wangu, tochi, msumeno na vyote. Jamaa akakunja uso.

"Subiri. Hiyo kadi si alinunua dada mmoja wa duka la dawa?"

"Huyo huyo. Mke wangu mtarajiwa."

"Alikuja na picha ya skrini kwenye simu, yenye jina la ubao. Nikamwambia hii haiingii kwako, chukua ile ya mfereji mfupi, imetengenezwa kwa ajili ya mashine kama yako. Akazishika zote mbili. Akaniuliza, 'Ambayo itasumbua ni ipi?' Nikamwonyesha. Akasema nifungie hiyo."

Nilitoka dukani bila chujio.

Nikamkuta Dokta nyuma ya kaunta anahesabu vidonge.

"Wewe ulijua kadi haiingii?"

"Nilijua," akasema, hata kichwa hakuinua.

"Na inayoingia ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sasa kwa nini?"

Akaacha kuhesabu.

"Inayoingia ungeitia mara moja, ukanywa soda, ukaondoka. Baba hamjui mtu kwa soda. Anamjua kwa kufanya naye kazi, na kazi nyepesi haimwonyeshi mtu. Ningemwambia mpaka kesho kwamba wewe ni mvumilivu, angesema ni mapenzi yanasema."

"Na kama ningeshindwa?"

"Ungeshindwa mkiwa wawili. Waliotangulia walishindwa peke yao."

Nikaegemea kaunta.

"Kwani kuna waliotangulia?"

"Sogea kidogo, mume wangu," akasema. "Kuna mgonjwa nyuma yako."

Nikasogea. Yule mgonjwa alikuwa ameshasikia yote, anacheka mpaka kikohozi chake kimepona.

Sasa ndugu zangu, nawaachia mawili. Kabla hujanunua kadi, fungua kompyuta yako utazame ubao unapokea nini, usije ukachelewesha ndoa ya mtu. Na ukiona kazi ya ukweni haiishi, usikimbilie kulaani kifaa. Huenda humo humo ndani kuna mtu anakupigia kampeni.